SENTIMITA MOJA

 

Nakusalimu mpendwa popote ulipo, wewe wa hapa Kendu Bay, wewe wa Oyugis, wa Kisumu, wa Nairobi, na wewe uliye kazini Qatar na Saudia. Wengi mmenipigia simu mkiuliza kwa nini Jumapili iliyopita sikupanda madhabahuni, nikasimama chini sakafuni nikizungumza nikiwa sina hata Biblia mkononi. Waliokuwepo wanajua. Wewe ambaye hukuwepo, ni heri usikie kutoka kinywani mwangu kuliko kusikia sokoni.

Fungua Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 13. Hapo Mungu anamkemea mtu anayetembea na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja, moja kubwa na moja dogo. Somo hilo nimelihubiri mara nyingi, nikiwatazama akina mama wenye gorogoro za mahindi. Sikujua kwamba mfuko ule ulikuwa wangu.

Sikiliza.

Mnajua likizo ya Agosti huwa tuna wiki ya vijana. Safari hii kijana wetu mmoja, aliyewahi kufanya kazi hotelini Watamu, alikuja na wazo. Alisema kule Pwani, Watamu na Malindi, watu hushindana kuvua kwa fimbo na mshipi, bila wavu, na samaki wengine hupimwa, huwekwa alama na kurudishwa baharini wakiwa hai. Akasema, "Pasta, na sisi tuna ziwa. Kwa nini tusishindane jioni moja ufuoni?" Nikaona ni jambo jema. Vijana wakikaa na mshipi mkononi saa mbili, hizo ni saa mbili ambazo hawako kwenye chang'aa wala kwenye kamari ya simu.

Tukazungumza na viongozi wa BMU ya bichi. Walikubali bila shida, wakatuazima na ubao wao wa kupimia samaki. Tukaweka kanuni. Kila mtu mshipi mmoja na ndoano moja. Kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu, tuondoke kabla viboko hawajatoka majini kuja kula nyasi. Ngege asiyefika sentimita 25 anarudi majini. Mbuta asiyefika sentimita 50 anarudi majini. Hizo si kanuni zetu, ni sheria ya ziwa, na kila mvuvi anayesoma hapa anaijua. Mwenye samaki mrefu kuliko wote ndiye mshindi. Akina mama wa kanisa walikuwa wamechanga shilingi 5,000 kwa kuuza chapati, ikawa ndiyo zawadi. Tukafungulia milango vijana wote wa mji, si wa kanisa letu peke yake.

Mwamuzi akawa nani? Mimi. Kwa sababu, walisema, Pasta hawezi kumpendelea mtu.

Jioni ile ilikuwa nzuri, mpendwa. Upepo ulikuwa umetulia, magugu maji yamesukumwa mbali upande wa pili, jua linashukia Mlima Homa. Vijana zaidi ya ishirini wamejipanga ufuoni, wengine na fimbo za mianzi, wengine na mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, chambo ni nyungunyungu waliochimbwa kando ya mfereji. Watoto wadogo walitoa fulu, wakawarudisha huku wakicheka. Kijana mmoja akapata okoko, akachomwa na mwiba wake, tukamfunga kitambaa. Kelele, nyimbo, mandazi. Nilijiambia, hii ndiyo jamii ninayoiombea kila siku.

Saa kumi na moja hivi akaja binti mmoja mbele yangu na ngege. Binti huyu ni wa jamii ya Waislamu, majirani zetu wa miaka mingi hapa mjini. Nikamlaza samaki ubaoni, pua ikagusa ule ukuta mdogo wa mbele, nikanyoosha mkia. 24. Binti akanitazama kwa macho ya kuomba. Nikamwambia kwa upole, lakini kwa uthabiti, "Sheria ni sheria, binti yangu." Akaingia maji ya magotini, akamwachia samaki wake. Nikajisikia vizuri sana. Nikasema na watu wasikie, "Mmeona? Huu ndio uaminifu."

Muda si mrefu akarudi na mwingine. 31. Ukawa ndio samaki wa kupita wote. Dakika zikayoyoma, hakuna aliyemfikia.

Sasa kuna kijana wetu mmoja. Sitasema jina. Yuko kidato cha nne, analelewa na nyanya yake, na muhula uliopita alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Nimemwombea kijana huyu tangu akiwa Sunday School. Ilikuwa imebaki dakika tano hivi, mshipi wake ukavutwa kwa nguvu mpaka akateleza kwenye matope. Watu wakakimbilia. Akapigana, akavuta, akatoa MBUTA. Haleluya zikapigwa hata mashua za omena zilizokuwa zinajiandaa kwenda kazini zikapiga miluzi.

Wakamleta kwangu. Nikamlaza ubaoni. Pua ikagusa ukuta. Nikatazama mkia.

49.

Mpendwa, hakuna aliyekuwa ameona bado. Mwanga ulikuwa unafifia na nilikuwa nimeinama juu ya ubao. Nikawaza karo. Nikamwaza nyanya yake. Nikawaza akina mama waliouza chapati, bila shaka wangefurahi zawadi ikibaki nyumbani mwa Bwana. Mkono wangu ukamsogeza yule samaki nyuma kidogo tu, ukaacha upenyo wa kidole kati ya pua na ukuta. Mkia ukafika kwenye mstari.

Nikapaza sauti, "HAMSINI!"

Shangwe. Kijana akabebwa juu. Yule binti akaja, akampongeza, akakunja mshipi wake, akaenda nyumbani kabla ya Magharibi.

Aliyeona ni mmoja tu, jaduong' fulani wa bichi, mvuvi wa siku nyingi, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani kwangu. Alikuwa amesimama upande wa pua. Alitazama ubao, akanitazama mimi, kisha akaangalia miguu yake. Hakusema neno.

Usiku ule Mama Pasta aliniuliza mbona sili. Nilimwambia nimechoka. Nilijitetea mbele za Mungu kama wakili: Bwana, ni yatima. Bwana, ni sentimita moja. Bwana, hii ni huruma. Kila nilipofumba macho nikamwona yule ngege wa 24 akirudishwa majini, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe, "Sheria ni sheria, binti yangu."

Asubuhi na mapema, hodi. Ni yule kijana. Alikuwa na zile shilingi 5,000 ndani ya bahasha, hazijaguswa, na mkononi ana futi ya kushonea ya nyanya yake.

Akasema, "Shikamoo, Pasta. Jana kabla nyanya hajamkata samaki nilimpima nimpigie picha. Nikapata 49. Nikapima tena, 49. Nikamwambia nyanya, Pasta hawezi kukosea, lazima ubao wa BMU una kasoro. Nataka nikawaambie waurekebishe, maana wavuvi wanaweza kushikwa bure kwa sababu yake. Nikaona nipite kwako kwanza."

Hapo, mpendwa, Mungu alinifungulia mlango wa toba, mpana. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Labda."

Neno moja. Kidole changu jana kilisema uongo, leo mdomo ukaweka sahihi. Kijana akaaga, akaelekea bichi kwenda kuushtaki ubao usio na kosa, na watu waliotuazima kwa moyo mweupe. Nikasimama mlangoni nikimwona anashuka barabara ya lami. Ndipo Roho akanigusa pabaya: huyu mtoto anaamini zaidi neno lako kuliko macho yake mwenyewe. Ukimwacha afike kule, hutakuwa umemsaidia karo. Utakuwa umemfundisha kutilia shaka macho yake.

Nikapanda boda na kandambili miguuni. Nilimkuta karibu na gati. Nikamwambia yote, pale pale barabarani, yule wa boda akisikia. Kijana hakunijibu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo sikushinda." Nikamwambia, "Hukushinda, mwanangu. Mimi ndiye niliyekushindisha." Alilia. Sitasahau kilio kile, kwa sababu mimi ndiye niliyemnunulia.

Tukaenda pamoja nyumbani kwa yule binti. Babake akatukaribisha, akaagiza chai. Nikakiri mbele yake na mbele ya mkewe, nikaweka bahasha mezani. Yule baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mchungaji, umefanya vizuri kuja." Lakini binti aliuliza swali moja, na ndilo nililobeba mpaka Jumapili:

"Pasta, na yule wangu wa 24, kwa nini hukumsogeza?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwamba wewe si wetu. Mawe mawili, mfuko mmoja.

Ndugu yangu, dada yangu, nataka uone jambo hili. Mbuta wa chini ya 50 mara nyingi hajazaa hata mara moja. Ndiyo maana sheria inamlinda. Hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akasema, leo namaliza samaki wa ziwa. Kila mmoja anasema ni huyu mmoja tu, ni macho ya wavu yamepungua kidogo tu, ni wiki moja tu kabla omena hawajafunguliwa. Wazee wetu wanakumbuka bichi ambapo ngege walijaa mashua. Sasa tunanunua samaki wa China waliogandishwa, hapa, kando ya ziwa letu wenyewe. Ziwa linaisha kwa upenyo wa kidole. Na ndoa huisha hivyo hivyo. Na kanisa pia, kitabu cha sadaka kikisogezwa kidogo kwa sababu nzuri.

Angalia tena Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kitu, Bwana anawaambia watupe wavu upande wa kuume, unajaa. Kuna muujiza mkubwa hapo, lakini tazama hesabu: samaki 153. Yohana alikuwa mvuvi, na wavuvi mnajua tunavyosimulia. Angeweza kusema mia mbili, na nani angempinga, kwa utukufu wa Mungu? Hakuongeza hata mmoja. Muujiza wa kweli hauhitaji kusogezwa.

Utaniuliza, na karo? Nitakwambia ukweli, maana leo tumekubaliana kusema ukweli. Fedha haikushuka kutoka mbinguni wiki hiyo. Shule ilipofunguliwa kijana alikaa nyumbani siku nne. Wazee wa kanisa wakazungumza na shule, wakakubali tulipe kidogo kidogo, na mimi nimeweka sehemu ya posho yangu mpaka muhula uishe. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo: kumsaidia kwa mfuko WANGU, si kwa ushindi wa mtoto wa mwenzangu. Huruma inayolipwa na mtu mwingine bila kuulizwa, mpendwa, jina lake ni wizi.

Na yule mbuta? Ameliwa. Toba imerudisha fedha, imerudisha jina la binti, lakini samaki hatukuweza kumrudisha majini. Kuna vitu toba haivirudishi. Ndiyo maana ni heri kutubu ungali umeinama juu ya ubao.

Jumatatu nilimtafuta yule jaduong', nikamwomba msamaha. Alikuwa anashona wavu. Akasema, "Pasta, sisi tumezoea mizani ya wanunuzi hapa ufuoni kutudanganya. Tulidhani ya kanisa ni nyingine." Akaendelea kushona. Hajaja kanisani. Sijamwomba aje. Nimeamua kwanza mizani yangu ikae sawa, aione kwa muda.

Vijana wameomba tushindane tena Desemba. Tumekubali. Mwamuzi atakuwa yule binti.

Sasa nakuuliza wewe, kabla hujalala leo: ni wapi umeacha upenyo wa kidole? Ni nani ulimwambia sheria ni sheria, halafu ukamsogezea wako? Usiseme ni sentimita moja. Mpigie simu. Panda boda. Nenda na kandambili.

Tuombe.

Baba, katika Jina la Yesu, nitazame mimi kwanza, kisha uwatazame wanao. Vunja lile jiwe la pili tulilolificha mfukoni. Utupe kipimo kimoja kwa mtoto wetu na mtoto wa jirani. Uwalinde wavuvi wetu walio majini usiku huu na taa zao. Ulihurumie ziwa letu. Na pale tulipoharibu kisichoweza kurudi, utufundishe kutorudia. Amina.

Ubarikiwe sana. Jumapili ibada ni saa tatu kamili. Nitakuwa mlangoni kukupokea.

Mchungaji wako, Kendu Bay.