Kazi ya mwisho kwenye orodha

Leo naomba tuweke programu kando kidogo tuongee juu ya muda. Au tuseme tuzilete programu zitusaidie kuongea juu ya muda.

Ushauri wa kupanga siku karibu wote unafanana: andika kazi zako, zipe nambari kwa umuhimu, anza na ya kwanza. Ni ushauri mzuri na mimi naufuata. Lakini una shimo moja. Kazi nambari 1 ikiisha leo, kesho inakuja nambari 1 nyingine. Ile nambari 7 inabaki pale pale, kesho, kesho kutwa, mwezi mzima. Hakuna aliyeifuta. Haijapata zamu tu.

Wanaotengeneza mifumo endeshi ya kompyuta wana jina la hali hii. Wanaiita njaa.

Kompyuta yako inaonekana kama inacheza muziki, inapakua faili na kufungua tovuti kwa pamoja. Ukweli ni kwamba kazi ni nyingi kuliko viini vya prosesa, kwa hiyo kila kazi hupewa zamu fupi ya milisekunde chache, kisha inapisha nyingine. Ndani ya mfumo endeshi kuna sehemu ambayo kazi yake ni kugawa hizo zamu. Ikigawa kwa umuhimu peke yake, na kazi muhimu zikaendelea kumiminika, kazi ya chini itasubiri milele. Yaani itakufa njaa huku mashine ikiwa nzima kabisa.

Sasa njoo kwa binadamu. Naishi Lanet, upande wa mashariki wa Nakuru, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Wateja wangu wengi wako Marekani. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni hapa kwetu, au saa 10 jioni kuanzia Machi hadi Novemba wanaposogeza saa zao mbele. California ndio usiku kabisa: wakianza kazi saa 3 asubuhi, huku ni saa 2 usiku, au saa 1. Sisi tulio karibu na ikweta hatusogezi saa, maana jua letu halibadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo kazi yenye mshahara inabisha hodi wakati ule ule watu wa nyumbani wanarudi.

Na kila ujumbe wa mteja umeandikwa "haraka". Mama yangu, aliye Molo, hajawahi kuniandikia "haraka". Akipiga simu anauliza kama nimekula, basi. Ukipanga siku kwa nambari peke yake, mama atakuwa wa mwisho kila siku, na wala si kwamba humpendi.

Kwenye kompyuta dawa ya njaa inajulikana: kazi inayosubiri inaongezewa umuhimu kidogo kidogo kadiri inavyosubiri, hadi ifike juu. Linux ilichukua njia nyingine ya kufikia haki hiyo. Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.23, iliingizwa CFS, iliyoandikwa na Ingo Molnár. Hiyo ilihesabu kila kazi imeshapata muda kiasi gani, kisha zamu ikaenda kwa iliyopata kidogo zaidi. Kuanzia toleo la 6.6 la mwaka 2023 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na EEVDF, ambayo bado inapima haki ya kila kazi ila inaangalia pia ni ipi inatakiwa kumalizika mapema.

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni tatu.

Kwanza, tenganisha saa isiyosogea na saa inayosogea. Jirani yangu anafuga ng'ombe wa maziwa. Anakama alfajiri, anakama tena jioni. Ng'ombe hajui habari ya mkutano. Kuchukua mtoto shuleni na siku ya kliniki ni vivyo hivyo, kwa hiyo ziingie kwenye kalenda kabla ya mteja. Kazi nyingi ambazo mteja anaziita za leo, ukimuuliza kwa upole, utakuta hata Alhamisi zinafaa. Muulize.

Pili, hesabu siku za kusubiri. Kando ya kila kazi naandika tarehe iliyoingia kwenye orodha. Ikitimiza siku 14 bila kuguswa, ina njia mbili tu: iwe nambari 1 ya kesho asubuhi, au ifutwe kabisa. Safari ya Molo nayo ina tarehe ya mara ya mwisho nilipoenda. Zikitimia siku 14, Jumamosi inayofuata ni ya mama, hata mteja aongeze pesa.

Tatu, usidharau kazi ndogo inayoshikilia kubwa. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika kitu ambacho kazi kubwa ilikihitaji. Kazi za kati zikaipita ile ndogo, ikashindwa kumaliza, na kubwa ikakwama. Wahandisi walirekebisha wakiwa hapa duniani: kazi ndogo ikishika kitu anachongoja mkubwa, inaazimwa umuhimu wa mkubwa mpaka ikiachilie. Kununua tokeni za stima ni dakika mbili tu, na hakuna anayeipa nambari 1. Lakini zikiisha saa 2 usiku, mkutano wa California umekwisha. Kwa hiyo tokeni zinunuliwe kwa umuhimu wa mkutano.

Mahali kompyuta haitufundishi ni hapa: prosesa haichoki, sisi tunachoka. Usingizi hauingii kwenye orodha kushindana na kazi nyingine. Unawekwa kwanza, kisha kazi zinagawana saa zilizobaki.

Ukimaliza kusoma hapa, chukua orodha yako ya leo. Ruka ya kwanza, nenda chini kabisa, uangalie ile ya mwisho imesubiri tangu lini.