Kuhudhurisha Moyo: Tanzia ya Mwalimu Ambaye Sikumwona

Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha na mshairi, alifariki dunia tarehe 22 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 95, katika hekalu la Tu Hieu, mjini Hue, Vietnam, alikoingia utawani akiwa kijana wa miaka 16. Sikuwahi kuonana naye, wala mimi si Mbudha. Hata hivyo, habari ya kifo chake iliponifikia nilikuwa nikisahihisha karatasi za mtihani. Nikaiweka kalamu chini, nikalia. Je, ni halali kumlilia mtu ambaye hatukujuana?

Kwa mwanafasihi, jibu huanzia katika utanzu. Kitabu chake kijulikanacho kwa Kiingereza kama The Miracle of Mindfulness kilianza kama barua ndefu. Aliiandika mwaka 1974, akiwa uhamishoni Ufaransa, kumwandikia mwenzake aliyebaki Vietnam pamoja na vijana waliojitolea kuhudumia vijiji vilivyoharibiwa na vita. Baadhi ya vijana hao walikuwa wamekwisha kuuawa. Kwa hiyo, fundisho lake kwamba tuoshe vyombo kwa ajili ya kuviosha, wala si kwa kukimbilia chai inayofuata, halikuwa anasa ya walioshiba. Lilikuwa tegemeo la watu waliokuwa wakizikana.

Barua hiyo niliisoma baada ya kumzika mama. Katika miezi yake ya mwisho alipenda kunisimulia mambo ya utotoni mwake, nami nikikaa kando ya kitanda nikiitikia "naam", huku nikisahihisha makala yangu kuhusu fasihi simulizi. Tanbihi za makala hayo ningali ninazikumbuka. Katika hadithi za mama, sina hata moja iliyo kamili.

Fundisho hilo tuliiteje kwa Kiswahili? "Uzingativu" ni neno sahihi, lakini kavu. Mimi huona karibu zaidi kauli ya kuhudhurisha moyo, ambayo wacha Mungu wa pwani huitumia wazungumzapo juu ya sala. Aidha, msomaji wa Al-Inkishafi anamfahamu mshairi anayeusemesha moyo wake mwenyewe akiutaka uzinduke. Hata hivyo, tofauti isifichwe: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauzindua moyo utambue kuwa dunia inapita na akhera inangoja, mtawa huyu anauzindua ukione kikombe kilichomo mkononi.

Athari ya mafunzo haya katika kazi yangu ni ndogo, lakini imedumu. Aghalabu sisi wahakiki huiwinda dhamira kabla shairi halijamaliza kusema, na wanafunzi wetu wameurithi mwendo huo kutoka kwetu. Siku hizi, darasani mwangu, ubeti husomwa kwa sauti mara mbili kabla ya yeyote kuruhusiwa kuutajia dhamira. Mara ya kwanza wengi hunung'unika. Mara ya pili huanza kusikia vina na mizani, na pengine kimya kilicho kati ya vipande.

Naam, ni halali. Machozi yale ya mwaka 2022 yalikuwa ya watu wawili, na mmoja wao nilijuana naye tangu kuzaliwa bila ya kumsikiliza ipasavyo. Deni hilo halilipiki. Lakini mwanafunzi aingiapo ofisini mwangu na kuanza kunieleza jambo, kalamu huwa nimekwisha kuiweka chini.