Tongoni: Kijiji Chenye Majina Matatu

Siku utakapofika Tanga usiishie mjini. Toka Makorora, shika njia ya kusini iendayo Pangani, na baada ya kilometa 17 hivi geuka upande wa bahari. Hapo, karibu na mikoko, utakuta kijiji kidogo cha wavuvi. Jina lake ni Tongoni.

Tongo ni mahame, yaani mahali walipokaa watu zamani kisha wakahama. Sababu ya jina utaiona kwa macho yako: kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe, na makaburi zaidi ya 40, mengine yaliyojengewa nguzo ndefu. Desturi ya matajiri wa pwani ilikuwa kupachika mabakuli ya kigeni katika makaburi yao. Leo mabakuli hayapo, yamebaki matundu tu.

Lakini fikiri kidogo: hapana watu wajengao mji na kuuita mahame wangali wakikaa ndani yake. Zamani pande hizi ziliitwa Mtangata. Mji ulisitawi katika karne ya 14 na ya 15, wakati vyombo vya biashara vilipopita kati ya Kilwa na Mombasa.

Mwezi wa Aprili 1498 merikebu tatu za Wareno, zikiongozwa na Vasco da Gama, zilipita hapa. Moja yao, São Rafael, ikakwama juu ya fungu kabla ya mapambazuko, ikangoja maji kujaa. Watu wa pwani hawakuwadhuru wageni wale. Walikuja na vyombo vyao wakileta machungwa, nao Wareno wakaandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Januari 1499 wakarudi kutoka Bara Hindi. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi São Rafael ikachomwa moto papo hapo. Watu wa Mtangata wakawaletea kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili.

Wareno wakayapa mafungu yale, na milima ya Usambara inayoonekana kwa mbali, jina la Malaika Mkuu Rafaeli, msimamizi wa wasafiri. Lakini jina hilo lilibaki katika ramani zao tu. Wenyeji hawakulishika.

Biashara ilipoharibika, mji nao ukafifia. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 18 walikuja watu waliohama Kilwa, wakapaita Sitahabu. Kustahabu ni kupendelea. Maana yao ilikuwa, afadhali hapa kuliko kule. Hao nao wakapita. Mwingereza Richard Burton alipofika mwaka 1857 alikuta magofu.

Basi tazama: Mtangata, Sitahabu, Tongoni. Majina matatu, na kila moja lina habari yake: mji uliositawi, wahamiaji waliotafuta raha, na wavuvi waliojenga vibanda kando ya makaburi ya watu wasiowajua.

Nguzo nyingi za Tongoni zimekwisha kuanguka. Jina nalo huanguka vivyo hivyo, asipokuwapo wa kueleza maana yake. Je, kijiji chako kinaitwaje, na ni nani aliyekipa jina hilo? Babu na bibi wangalipo, waulize jioni ya leo, na watoto wawe karibu wasikie.