Mizani ya Njia

Huku kwetu Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba, baiskeli, ambayo sisi twaiita kinga, si chombo cha matembezi tu. Ndiyo punda wetu: hubeba makaa, mihogo, samaki wakavu, hata wagonjwa. Mwenye kuisukuma hulipwa kwa urefu wa safari. Lakini je, kilomita zote ni sawa?

Swali hili tulilipima pamoja na wanafunzi wetu. Kila gurudumu hupingwa na ardhi, na upinzani huo ni namna ya msuguano. Ziko programu za simu zilizotungwa kwa masomo ya namna hii, kama ile iitwayo phyphox, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, mwaka 2016. Walakini sisi tulitumia saa ya sekunde iliyomo katika simu, na kamba iliyotiwa alama za mita.

Kazi ni hii. Mwanafunzi huendesha baiskeli mahali tambarare, pasipo upepo. Afikapo kwenye alama huacha kukanyaga, wala hagusi breki. Mwenye simu huhesabu sekunde hata baiskeli isimame. Wengine hupima umbali. Umbali huo huzidishwa kwa mbili, kisha hugawanywa kwa sekunde zilizozidishwa kwa zenyewe. Jawabu laonyesha mwendo wapungua kiasi gani kila sekunde.

Katika udongo mkavu ulioshindiliwa, baiskeli ilikwenda mita 40 kwa sekunde 20; jawabu ni 0.2. Katika mchanga ilikwenda mita 10 tu kwa sekunde 5. Jawabu ni 0.8. Mara nne! Sababu yake yaonekana kwa macho: mchangani gurudumu huzama, nalo halina budi kuusukuma mchanga ulio mbele yake. Mzigo ukizidi, huzama zaidi.

Sasa tuseme baiskeli na mzigo wake ni kilo 150. Kwa hesabu hiyo, udongo mgumu wamtaka msukumaji nguvu kama ya kuinua kilo 3. Mchanga wamtaka nguvu kama ya kuinua kilo 12, hatua kwa hatua, mchana kutwa, juani.

Basi mbebaji akiomba nyongeza kwa ajili ya mchanga, haombi sadaka. Adai haki yake. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi astahili ujira wa haki. Ndugu wafanyabiashara, kabla ya kupunguza bei, tuitazame njia kwanza. Nanyi vijana, mkimwona mtu amekwama mchangani, mkumbukeni Simoni wa Kirene: tieni mikono nyuma ya mzigo, msukume.