Mstari wa Tatu

Watu wengi wakiona bunduki hutazama mtutu. Mimi nimelelewa na mtu aliyetazama kipimo. Babu yangu mzaa baba, ambaye sisi Wairaqw tunamwita ako, alikuwa na gobore la kulindia mahindi huko Mbulu, upande wa msitu wa Nou, na ukimsikiliza ungedhani lile chuma refu ni bomba tu la kupitishia hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Nguruwe anatoka msituni usiku, anaingia shambani, nawe umekaa juu ya kichanja na blanketi lako. Masafa ni hatua 20, zikizidi sana 25, maana gizani huoni zaidi ya hapo. Je, ndugu msomaji, utatia baruti kiasi gani? Baba mdogo, wakati huo kijana wa maneno mengi, alikuwa na jibu moja tu: nyingi.

"Baba, ongeza bwana. Nguruwe wanatucheka."

"Unataka nguruwe," ako akauliza, "au unataka mshindo?"

Kila mwaka kabla mahindi hayajabeba, ako alisimamisha debe bovu mbele ya kichuguu, akahesabu hatua zake 20, akajaribu. Kipimo chake kilikuwa ncha ya pembe ya ng'ombe, ndani kaichonga mistari mitano kwa kisu. Alianza mstari wa kwanza. Baruti, kitambaa, mdeki, gololi za baiskeli, kitambaa tena, fataki. Paa! Moshi ukipungua anakwenda mwenyewe kwenye debe, anaingiza kidole katika kila tundu, anahesabu kimya kimya. Mstari wa kwanza gololi zilibonyeza bati tu. Wa tatu zilipenya zikiwa zimekaa pamoja kama vifaranga. Wa nne zilitawanyika, na kitako kikampiga bega. Wa tano sikumwona akiujaribu hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini basi aliuchonga, akasema, ili ujue mahali pa kutofika.

Miaka mingi baadaye, Arusha, nilinunua kwenye vitabu vya mitumba kitabu cha Kimarekani cha watu wanaojijazia risasi zao za bastola kwa ajili ya kulenga shabaha. Huko kwao hiyo ni starehe ya kawaida. Kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, tena kubwa. Sikukinunua nijifunze kazi hiyo, nilivutwa na majedwali. Kurasa na kurasa za namba! Baruti inapimwa kwa punje, na punje 7,000 ndizo ratili moja. Risasi ya bastola hutosheka na punje chache tu, kwa hiyo kosa la punje moja si dogo. Na kumbe ushauri wao ni uleule wa kichuguuni: anza chini, panda kidogo kidogo, tazama matundu kwenye karatasi, simama pale yanapokusanyika. Mlenga shabaha hana haja ya nguvu kubwa, karatasi haikimbii. Anataka mkono usishtuke. Ila asishuke mno, maana bastola inayojijaza yenyewe inahitaji teke la kutosha kurudisha chuma chake nyuma, na risasi dhaifu kabisa inaweza kukwama ndani ya mtutu, halafu inayofuata ikaupasua.

Jambo moja katika kitabu hicho lilinifanya nikifunge kwa muda. Ganda la bastola likitiwa kipimo kidogo hubaki na nafasi, hata ukisahau ukatia mara ya pili halifuriki. Jicho halikuonyi. Ndivyo ilivyomkuta jirani yetu. Fataki yake ililia, gobore halikulia. Akadhani halina kitu, akashindilia mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Mtutu ulichanua kama ua. Walimbeba usiku mpaka Haydom, akarudi na vidole vitatu mkono wa kushoto. Siku ile baba mdogo alinyamaza, lakini siku ile tu.

Nisije nikaonekana nasema kipimo ni akili ya wenye baruti peke yao. Ukiteremka bonde la Yaeda Chini utawakuta Wahadzabe. Mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa mdogo, anakua nao, na mazoezi yake ni kwa mishale ya mti mtupu. Mishale ya chuma yenye sumu ni ya wanyama wakubwa. Mtu hamalizi sumu kwa ndege.

Ako alifariki mwaka 2009. Leseni ilikuwa kwa jina lake, na leseni hairithiwi kama ng'ombe. Gobore likabaki darini, haramu, na baba mdogo akilipanda usiku kwa mistari anayoijua yeye. Sheria mpya ya silaha ilikuja mwaka 2015, tukagombana. Serikali ilipotoa msamaha wa kusalimisha silaha, Septemba na Oktoba 2023, tukagombana tena, safari hii mpaka wazee wakaitwa. Baba mdogo alisema nguruwe hawajasalimisha meno. Ni kweli, sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tu nimeuona mtutu kwa ndani, una kutu, na watoto wake wanalala chini ya dari lile. Wiki ya mwisho ya Oktoba alilifunga kwenye gunia la mbolea akalipeleka polisi mwenyewe. Hakuniaga, na mpaka leo hunisalimia kwa kifupi. Mahindi anayalinda kwa mbwa na madebe, na nguruwe wanakula.

Pembe haikuulizwa na mtu. Shangazi aliichukua kwake Katesh, akawa anapimia ugoro sokoni. Desemba 3 mwaka uleule mlima Hanang ukaporomosha tope juu ya mji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Shangazi alipona, meza yake ikazolewa pamoja na mabati. Pembe alikuwa ameifunga kiunoni.

Sasa ana meza nyingine. Anapima mpaka mstari wa tatu, na wateja wanalalamika kwamba anawapunja.