Sahani moja kwa watu watatu

Mkifika Bukavu kwa safari na fedha zikiwa haba, msitafute meza zenye vitambaa kando ya ziwa. Pandeni hata soko la Kadutu. Huko mna malewa, vibanda vya mama wapishi: bugali wa muhogo, sombe, na sambaza wa kukaanga. Samaki hao wadogo hawakuwamo zamani katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi.

Sisi tulikuwa watatu, nazo franka zetu zilitosha sahani moja tu. Tuliona haya kusema. Mama akatutazama, akaleta maji ya kunawa, akaongeza donge la bugali pasipo kuulizwa. Sambaza wa mwisho alikawia sahanini, maana kila mmoja alimwachia mwenzake.