Benzi la Ami na Mabenzi ya Leo

Zamani za utoto wetu, gari kubwa lilipothubutu kuingia Ndia Kuu ya Mombasa, wapita njia walilazimika kujibana kutani hadi lipite, na aghalabu mwenyewe aliona heri kuliacha karibu na Ngome ya Yesu amalizie mwendo wake kwa miguu. Walakini hapakuwa na aliyeuliza linatengenezwa kwa kiasi gani, kwani aliyejaaliwa kununua Benzi alidhaniwa, na kwa haki, kuwa ana uwezo wa kulitunza.

Ami yangu alikuwa na 240D, la umbo lile lililotoka Ujerumani mwaka 1976, na fundi wake, mzee Singasinga wa upande wa Mwembe Tayari, aliinamisha sikio juu ya injini kama tabibu juu ya kifua cha mgonjwa, akanena kilichoharibika kabla hajashika spana. Dizeli ile haikuwa na kabureta wala plagi za cheche, na ikishawaka haikuhitaji umeme kuendelea kunguruma. Ilitaka oili safi, filta mpya, na valvu zipimwe kwa wakati wake. Adui yake hasa alikuwa chumvi ya bahari, na kwa hiyo ami, kila alipotoka ferini Likoni, hakulala kabla halijaoshwa chini kwa maji matamu.

Miaka ya tisini milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani na Dubai yakawa yakishushwa Kilindini, na baadaye sheria ikaweka mpaka wa umri wa miaka 8; basi mtu wa mshahara wa wastani akaweza kupanda gari la waziri. Hapo ndipo ilipo hila yenyewe: bei ya gari hushuka kila mwaka, ilhali bei ya spea zake hubaki ileile ya gari la tajiri.

Binamu yangu alinunua S-Class la umbo la 1998, ambalo halikai juu ya springi bali juu ya mifuko ya hewa. Mfuko mmoja ukavuja, pampu ikafanya kazi bila kupumzika hadi ikaungua, na asubuhi tukalikuta limelala tumbo chini, majirani wa Kibokoni wakilitazama kwa huruma isiyokosa kicheko. Fundi kijana akachomeka kompyuta, akataja hesabu, na binamu, baada ya kimya kirefu, akachagua kutiwa springi za chuma. Wala si yeye peke yake aliyeshindwa na ustadi huo: E-Class la 2002 lilikuja na breki za umeme, magari yakarudishwa kukaguliwa mwaka 2004 na tena 2005, na mwaka 2006 watengenezaji wenyewe wakaziondoa katika gari hilo.

Mimi, kwa mji wa joto na chumvi kama huu, nalipa ushindi lile la ami. Nawe msomaji unayelitamani jingine bandarini, kabla ya kuuliza bei yake, tafadhali ulizia kwanza bei ya mfuko mmoja wa hewa.